Neno Ambalo Marieta Hakulitamka

Marieta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajawa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa sababu hiyo pale Kilimani karibu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wengi walimwita Mama Mary, kwa binti yake aliyemwacha Basotu kwa bibi. Watundu walimwita Madam, hasa alipokuwa kwenye foleni ya wali na sahani yake mkononi. Naye aliitika kote kote. Alikuwa mrefu, mtu wa taratibu, na akikaa darasani alikaa kiti cha pembeni ili wa nyuma yake waone ubao.

Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya Dongobesh, kwenye mwinuko ambao upepo haupumziki. Jina lake la kwenye cheti ni refu na lina mtakatifu ndani yake, lakini watu wamelikata wakabakiza Kilimani. Ni chuo cha kanisa. Kengele inalia asubuhi kwa ajili ya Misa, kisha inalia ileile kwa ajili ya chai, na mgeni asiyezoea anaweza kujikuta amekaa kwenye benchi la kanisa na kikombe mkononi. Wanafunzi wa dini zote wanapokelewa, ila kila mmoja lazima asome somo la Dini na Maadili na afaulu. Mwaka mmoja aliyeongoza somo hilo ni Raudha, binti wa wenye duka la Katesh, Mwislamu wa swala tano, mwanafunzi wa uhasibu. Sista Filomena, mkuu wa idara ya Kiswahili, alipompongeza mbele za watu, Raudha alimjibu, "Sista, hawa Wakristo wako wanadhani wanalijua tayari, ndiyo maana hawasomi."

Raudha huyo ndiye aliyelala chumba kimoja na Marieta kwa miaka yote mitatu. Mmoja akitandika mkeka wa kuswali, mwingine anakunja miguu kitandani kumpisha. Walizoeana kama ndugu.

Sasa, Marieta ni Mbarabaig, na ameolewa kwa Wabarabaig. Kwa watu hao mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala hamwonyeshi mtu kwamba neno fulani ndilo jina hilo. Na si jina peke yake. Maneno yanayosikika kama jina hilo nayo anayaweka kando, anatafuta mengine ya kushika nafasi yake. Wanaume hawana kazi hiyo. Wanawake wameifanya tangu zamani, mama mkwe akimfundisha mkamwana, hata leo ukiwakuta wake wa boma moja wanaongea, unaweza kuijua lugha na bado ukaachwa njiani.

Kama baba mkwe wa Marieta angekuwa na jina la zamani, la Kibarabaig tupu, Marieta angepata shida akiwa nyumbani tu. Lakini mama wa mzee huyo alimzaa akiwa njiani kuelekea kwa ndugu zake, wakamwita Safari. Na Safari ni jina ambalo halikai bomani. Limo kwenye tiketi ya basi, limo redioni, limo kwenye maombi ya jioni. Kondakta wa basi la Katesh akiuliza, "Safari ya wapi, mama?" Marieta anasema, "Nashukia Katesh." Kanisani wakiwaombea wasafiri, yeye anawaombea walio barabarani. Hata neno safi alilitupa, kwa vile linaanza vilevile. Shati kwake lilikuwa limetakata, sahani imeoshwa, maji ni meupe, na habari ya mtu ikiwa njema ni njema tu.

Mwaka wa kwanza wenzake walimcheka kidogo. "Mama Mary ana Kiswahili chake binafsi," walisema. Dokta Urban, mwalimu wa msamiati, Mhaya aliyehamia kutoka Bukoba, hakucheka. Yeye alipenda maneno kama wengine wanavyopenda mpira, na aliposahihisha insha za Marieta alikuwa anapiga mstari chini ya maneno si kwa kosa bali kwa furaha.

"Mama Mary, wewe maneno haya unayatoa wapi? Kila kitu una majina matatu."

"Nimezoea kutafuta, Dokta."

Hakudanganya. Alikuwa ametafuta tangu siku alipoingia nyumba ya watu.

Kuna jambo moja alikuwa amelimaliza kabla hajaja chuo. Alimwendea mama mkwe wake, ambaye hajasoma, akamuuliza mambo yatakuwaje kwenye kuandika. Mama yule aliacha kukamua, akafikiri.

"Karatasi inasikika?"

"Haisikiki, mama."

"Basi andika. Ila usije ukanisomea."

Ikawa hivyo. Mkono wa Marieta uliandika neno lolote, kwenye mtihani, kwenye insha, popote. Kinywa ndicho kilichokaa kimya. Raudha alijua habari hii tangu muhula wa kwanza, kwa sababu alikuwa mdadisi na hakuacha kuuliza hadi akaambiwa na mume wa Marieta alipokuja kumtembelea. Walimu hawakujua. Marieta hakuona kwa nini wajue. Aliwahi kukaa bwaloni akaona vijana wanaigiza Wamang'ati, kama watu wa nje wanavyowaita Wabarabaig, shuka begani na fimbo ya kuazima, meza nzima inacheka, na waliocheka hawakuwa watu wabaya. Hakutaka kuwaongezea la kuigiza.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anaandika utafiti. Dokta Urban akawa msimamizi wake, na wakakubaliana aandike juu ya Kiswahili cha wafugaji wa Basotu, yale maneno wanayotumia mifugo inapoondoka ziwani wakati wa ukame kwenda Yaeda Chini na kwingine, na inaporudi. Marieta alikwenda, akakaa na watu, akawasikiliza, akarekodi kwa simu. Baba Mary, yaani mumewe Gidamis, alimpeleka kwa pikipiki hadi mahali ambapo pikipiki ilikataa. Akarudi na maneno mengi. Kule kwenda mbali kwa mifugo alikuita kuhama.

Dokta Urban akakata neno hilo kwa kalamu nyekundu kila lilipotokea.

"Anayehama harudi," alisema. "Hawa mvua ikinyesha wanarudi. Hii si kuhama, ni safari. Na huku kwenda majini kila siku, asubuhi na jioni, kuite mwendo. Sura ya pili uyatofautishe vizuri haya mawili, maana utafiti wako wote umesimama hapo."

Marieta aliitazama karatasi.

"Hilo neno lako, Dokta, ni lazima?"

"Si langu. Ni la Waswahili wote."

Angesema nini? Alikwenda akaandika kama alivyoelekezwa, akaandika vizuri, akayatofautisha yale mawili kwa mifano na maneno ya wafugaji wenyewe. Miezi yote waliyokutana ofisini, kila alipofika kwenye neno hilo alisema "lile neno lako," na Dokta Urban alitabasamu, akidhani mama huyu bado anamnunia kwa ile kalamu nyekundu.

Kitu ambacho Marieta hakukipima ni kwamba utafiti ukishaandikwa unatetewa kwa mdomo. Alilijua hilo, kila mtu analijua, limebandikwa ukutani. Lakini alijiambia, nitasema mwendo, watanielewa. Nimepita kwa makondakta wote wa njia hii, nitashindwa na walimu watatu?

Siku ilipofika alivaa gauni la kitenge na kiatu cha kufunika. Chumba kilikuwa na meza ndefu. Katikati alikaa Sista Filomena kama mwenyekiti. Kulia kwake alikaa Dokta Kenneth, Mnyakyusa wa Rungwe, mdogo kwa Marieta kwa miaka kadhaa, hodari, mtu anayesoma kazi ya mwanafunzi hadi tanbihi. Dokta Urban alikaa kando karibu na dirisha, kwa sababu msimamizi haruhusiwi kusema kitu. Marieta alimwamkia Sista shikamoo. Kwa Dokta Kenneth alisita kidogo, naye Dokta Kenneth akasita, wakaishia kwenye habari za asubuhi.

Alianza vizuri. Alieleza alikokwenda na aliozungumza nao. Ukutani mashine ilionyesha kichwa cha utafiti kwa herufi kubwa, Msamiati wa Safari za Mifugo katika Kiswahili cha Wafugaji wa Basotu.

"Utusomee kichwa cha kazi yako," alisema Dokta Kenneth.

"Msamiati wa mwendo wa mifugo," alisema Marieta, "katika Kiswahili cha wafugaji wa Basotu."

Dokta Kenneth aliangalia ukutani, kisha akamwangalia yeye.

"Sawa. Sura ya pili unatofautisha safari na mwendo. Nimeipenda sana hiyo sehemu. Tueleze tofauti yake."

Hapo ndipo Marieta alipoliona shimo, na alikuwa ameshalikanyaga.

"Mwendo," alisema, "ni ule wa kila siku, wa majini. Na mwendo... ule mwingine, wa mbali, ni mwendo wa..."

"Mwendo ni mwendo, halafu na ule mwingine ni mwendo?"

"Ndiyo. Hapana, Dokta. Ule mwingine ni lile neno la pili."

"Neno gani la pili?"

"Lililoandikwa."

"Limeandikwa, nimeliona. Nakuuliza ulitaje na unieleze maana yake."

Marieta aliangalia zile herufi kubwa ukutani. Nje upepo ulikuwa unapiga bati. Dokta Urban pale dirishani alikuwa ameinama mbele, uso umemkunjamana, hata yeye haelewi.

Dokta Kenneth akafunga kitabu polepole. "Mama," alisema, na sauti haikuwa ya ukali, "mtu aliyeandika sura hii anajua tofauti ya maneno haya kuliko mimi. Wewe hata kuyataja huwezi. Huko mjini kuna watu wanaandikia wenzao, hilo tunalijua sote. Nani alikuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Basi sema."

Hakusema. Sista Filomena akakohoa, akaandika kitu, akasema waahirishe. Marieta arudi Alhamisi. Kama Alhamisi hataweza kuitetea sura ya pili, utafiti utakataliwa na itabidi arudie mwaka.

Kurudia mwaka kwa Marieta hakukuwezekana. Likizo ya masomo aliyopewa na mwajiri wake ilikuwa inakwisha na muhula huo. Asipomaliza sasa, anarudi darasani Basotu kama alivyoondoka, na miaka mitatu ya kumwacha mtoto inakuwa ya kupunga hewa. Alilijua hilo alipokuwa anafunga mlango nyuma yake.

Mchana ule Raudha alimkuta bombani anafua mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kutakata.

"Nimesikia," alisema Raudha. "Chuo kizima kimesikia. Tawakali wa pale steshenari anaapa kwamba hakukuandikia, na hakuna aliyemuuliza."

"Mwache aape."

"Mama Mary, liseme tu! Neno moja. Mzee yuko Basotu na ng'ombe wake, wewe uko hapa. Nani atamwambia?"

"Yeye hasikii, kweli. Lakini masikio yangu mimi yako hapa hapa."

Raudha akageuza ndoo akaikalia. "Unaogopa laana?"

"Sijui habari za laana. Padri ameshatuambia jina ni jina tu, na mimi nimemsikia. Hebu wewe mwite baba yako dukani mbele ya wateja, umwite Abdillah, hivyo hivyo, bila baba."

Raudha alicheka, akaziba mdomo. "Atanitupia mizani."

"Na asipokutupia?"

"Hata asiponitupia." Akafikiri. "Mdomo wenyewe ungekataa."

"Umeona."

Wakakamua shuka, mmoja huku mmoja kule. Raudha hakuwa mtu wa kuacha jambo likiwa limelala. Akauliza, "Sasa ukienda mahali pa lazima inakuwaje? Mary alipozaliwa Haydom, si waliuliza jina la mtoto, la baba, la babu?"

"Waliuliza. Nilimgeukia wifi yangu Justina, akamtajia nesi. Yeye ni binti wa mzee, hana mwiko. Ndivyo tunavyofanya wote. Mtu mwingine anakutajia."

"Mtu mwingine yeyote?"

"Yeyote asiye mke wa nyumba ile."

Raudha aliiachia ncha ya shuka ikaanguka matopeni.

"Raudha! Nimelifua mara mbili!"

"Nitalifua ya tatu. Mimi nimeolewa Basotu?"

"Wewe hujaolewa popote, na kwa mdomo huo sijui."

"Basi Alhamisi mimi ndiye Justina wako."

Marieta alisema haiwezekani, kuna taratibu, ni chuo kikuu hiki. Raudha akasema taratibu wataziona wakifika. Marieta akasema pia kwamba ingebidi waambiwe sababu. Hilo lilimkalia vibaya zaidi ya lile la taratibu. Alilifikiria Jumanne, akalifikiria Jumatano wakati wa Misa, na Jumatano jioni akamwambia Raudha, "Utawaambia wewe. Kwa maneno machache. Na usichekeshe."

"Nitajitahidi hapo kwenye kuchekesha," alisema Raudha.

Alhamisi wakaingia wawili. Dokta Kenneth akauliza huyu wa uhasibu amefuata nini. Raudha akasimama wima, hijabu yake ameibana vizuri, akasema, "Sista, na Dokta wote, shikamooni. Lile neno ambalo Mama Mary halisemi ni jina la baba mkwe wake. Kwao mke halitaji, wala kwa Kiswahili. Anaomba mimi nikae hapa nimtajie likifika. Sisemi kingine chochote. Habari za ng'ombe sizijui, na sitaki kuzijua."

Dokta Urban aliweka kiganja juu ya macho. Miezi yote ya "lile neno lako" ilikuwa inampitia.

Sista Filomena alikuwa wa kwanza kusema. "Mwaka jana tulikuwa na yule kijana asiyesikia. Alikuja na mkalimani wake wa ishara, na hakuna aliyepinga."

"Yule alikuwa hawezi, Sista," alisema Dokta Kenneth. "Huyu hataki."

"Mama Mary," alisema Sista, "ni huwezi au hutaki?"

Marieta alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Hata mimi sijui vizuri. Jana nilijaribu bafuni, nimefungulia maji. Lilifika hapa," akagusa koo, "likarudi."

Dokta Kenneth alitaka kucheka akajizuia. Alizungusha kalamu mezani. "Marehemu mama yangu," alisema, "alikuwa akimwona babu anakuja, baba mkwe wake, anaingia migombani. Na mzigo kichwani. Anakaa humo hadi mzee apite. Mimi mtoto naachwa barabarani peke yangu, nasalimiwa."

"Basi unaelewa," alisema Sista.

"Naelewa. Lakini mama yangu hakuwa anatetea utafiti." Akamgeukia Raudha. "Utakaa na uso ukutani. Usishike karatasi. Usimwangalie. Yeye atagonga meza, wewe utasema neno moja. Ukisema la pili, unatoka."

"Na kama nikipiga chafya?"

"Raudha," alisema Marieta.

"Nimekaa, nimekaa."

Wakaanza. Mwanzoni ilikuwa kama mashine mpya ambayo haijazoeleka. Marieta aliongea, akafika pale, akagonga meza kwa kidole, na kutoka ukutani sauti ya Katesh ikaitikia, "Safari!" kwa nguvu kama anaita abiria. Sista akamwomba apunguze. Akapunguza. Kidogo kidogo wakapata mwendo wao. Nzi mmoja alitua mezani, Marieta akampiga kwa kiganja, na Raudha asiyeona kitu akasema, "Safari." Hata Dokta Kenneth alicheka ile, akasema, "Hiyo ya nzi hatuihesabu."

Kisha akarudi palepale pa siku ya kwanza. "Tofauti."

Marieta alikuwa amejinyoosha. "Dokta, mwanzoni nilidhani tofauti ni umbali. Wa karibu ni mwendo, wa mbali ni," akagonga.

"Safari."

"Lakini wafugaji walinikatalia. Kuna baba mmoja alipeleka ng'ombe wake ng'ambo tu ya mashamba ya ngano, ukipanda kichuguu unawaona, na yeye aliita," akagonga.

"Safari."

"Nikamuuliza kwa nini, wakati kuna wanaotembea mbali zaidi kwenda majini na wanaita mwendo. Akasema, 'Kwa sababu niliacha mke na watoto nyuma.' Nikawauliza na wengine. Wote ni hivyo. Ng'ombe wakienda na jioni kila mtu analala kwake, huo ni mwendo, hata kama umechosha. Siku nyumba inapogawanyika, ng'ombe wa maziwa wanabaki na wazee na watoto, wengine wanaondoka, hiyo ndiyo," akagonga.

"Safari."

"Haipimwi kwa miguu. Inapimwa kwa anayebaki."

Dokta Kenneth aliandika. Alipomaliza hakuinua kichwa. "Na yule ambaye ameondoka na nyumba nzima? Hakubaki mtu. Lakini mvua ikinyesha anakusudia kurudi. Huyo yuko wapi katika sura yako?"

Swali lilikuwa gumu kwa sababu sura ya pili haikuwa na jibu lake. Marieta alimtupia jicho Dokta Urban, kisha akalitoa.

"Huyo amehama, Dokta."

"Hata akirudi?"

"Hata akirudi. Wao wanasema hivyo. Hakuna aliyebaki wa kumrudia, akirudi anahamia upya. Neno hilo nilikuwa nimeliweka mwanzo. Likatoka."

"Likatoka vipi?"

"Lilisahihishwa."

Pale dirishani Dokta Urban alifungua mdomo, akakumbuka haruhusiwi, akaufunga. Akainamisha kichwa mara moja, kama mtu anayekubali kitu sokoni.

Walimtoa nje yeye na Raudha, wakakaa kwenye kibaraza. Raudha alikuwa amekauka koo. Mlango ulipofunguliwa, Sista Filomena ndiye aliyesoma. Utafiti umekubaliwa, kwa masahihisho. Arudishe neno kuhama mahali pake na aongeze maelezo yake kwenye sura ya pili. Kwenye alama za kuzungumza, Dokta Kenneth ameandika anachoona ni haki na Sista ameandika anachoona ni haki, wakachukua katikati. Katikati hiyo haikuwa juu. Lakini ilitosha, na mwisho wa mwezi atahitimu na wenzake.

"Ahsante, Sista. Ahsante, Dokta."

Dokta Kenneth alikuwa anakusanya karatasi zake. "Mama Mary, haya maneno ya wake wa nyumbani kwenu, unayoyaweka mahali pa mengine, ungeyaandikia kiambatisho. Au ungeanzia hapo kabisa. Ni utafiti mkubwa kuliko huu."

"Ni kweli, Dokta."

"Sasa?"

"Huo auandike ambaye hajaolewa."

Dokta Kenneth alitazama ukutani alikokuwa amekaa Raudha. "Mimi ni wa uhasibu," alisema Raudha haraka, na akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Dokta Urban alimkuta Marieta kwenye ngazi. Sasa aliruhusiwa kusema, lakini ilimchukua muda kuanza.

"Kwa nini hukuniambia? Tumekaa ofisini miezi yote ile. Ningelitoa siku ileile."

"Ningekuambiaje, Dokta?"

"Ungeniambia tu kwamba..." Akaanza, akasimama. Akajaribu kwa njia nyingine, midomo ikitembea bila sauti, mtu mzima aliyesomea maneno maisha yake yote, anatafuta sentensi ambayo mke wa nyumba ile angeweza kuisema mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kumtaja mzee na bila kumnyooshea kidole. Marieta alimsubiri kwa adabu, kwa sababu ni mwalimu wake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipita katikati yao wakiamkia. Kengele ikalia, ya chai. Dokta Urban bado alikuwa anatafuta.